Suhuba ya Kasuku na Binadamu

Katika nyumba ambamo kasuku hufugwa, mgeni mwenye macho hakawii kutambua kwamba ndege yule, ijapokuwa hulishwa na mikono mingi na kuitwa kwa jina lake na kila apitaye mbele ya kizimba chake, amekwisha kumchagua mtu mmoja miongoni mwa jamaa wote wa nyumba, akamfanya kuwa mwandani wake. Huyo humwinamishia kichwa na kuyatimua manyoya ya shingo ili akunwe, humwita akitoka na kumlaki akirudi, ilhali wengine, hata yule amwekeaye maji na mbegu za alizeti kila asubuhi, huambulia kudonolewa vidole. Watu hulieleza jambo hili kwa namna nyingi. Wako wasemao kwamba kasuku hupenda wanawake na kuwachukia wanaume, wako wasemao kinyume chake, na wako waaminio kwamba ndege huyu huujua moyo wa mtu mwema na wa mtu mbaya. Kwa maoni yangu sababu haimo katika wema wa mtu wala katika jinsia yake, bali imo katika maisha ya kasuku mwenyewe huko msituni atokako, na asiyeyajua maisha hayo hawezi kujua ni kitu gani hasa anachopewa pale ndege anapomwinamia kichwa.

Aina za kasuku duniani ni zaidi ya 350. Pemba na sehemu za mwambao wanaye kasuku mdogo mwenye kichwa cha rangi ya udongo. Na Tanzania, katika nyika za Serengeti na kusini ya Ziwa Viktoria, ndiko asili ya cherero, yule ndege mdogo wa kijani mwenye uso wa rangi ya chungwa, ambaye wawili wake hukaa wamebanana bega kwa bega kutwa nzima. Lakini nitakayemzungumzia zaidi ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, kwa kuwa yeye ndiye aliyeshinda wenzake wote kwa ufasaha wa kunena, na ndiye aliyetolewa msituni kwa wingi kuliko karibu kasuku yeyote mwingine wa Afrika. Makao yake ni ukanda wa misitu unaoanzia pande za Ghana, ukavuka Kameruni na Kongo, ukaishia Uganda, kaskazini-magharibi ya Tanzania na msitu wa Kakamega, ambako leo ni nadra kuonekana.

Huko kwao kasuku wa kijivu haishi peke yake hata siku moja. Magharibi inapowadia, ndege hawa humiminika kutoka pande zote wakakusanyika katika miti mirefu ya kulala, makundi ya mamia na pengine maelfu, na kabla giza halijafunga huwa ni kelele ya miluzi na vilio ambayo msikilizaji wa mara ya kwanza huidhania vurugu, kumbe ni maamkizi na maulizano ya watu wajuanao. Alfajiri hutawanyika kwa vikundi kwenda kutafuta riziki, hususan matunda ya michikichi ambayo huyapenda mno. Ndani ya jamhuri hiyo kubwa kila ndege aliyebaleghe ana mwenzake mmoja. Ndoa yao ni ya mke mmoja na mume mmoja, na hudumu mwaka hata mwaka. Jike huatamia mayai mawili, matatu au manne ndani ya tundu la mti mkubwa kwa muda wa siku zinazokaribia 30, na katika muda huo wote tegemeo lake ni dume, ambaye huenda, hula, hurudi, hucheua chakula alichokimeza na kumtia mwenziwe mdomoni. Makinda huanguliwa uchi, vipofu, wasio na uwezo wa kuinua vichwa vyao, na hukaa kiotoni kiasi cha miezi mitatu kabla ya kuruka. Na hata baada ya kuruka huwaandama wazazi kwa muda mrefu wakijifunza chakula kipi huliwa, adui ni nani, na sauti ipi husemwa wakati gani.

Basi kiumbe wa namna hii, ambaye maumbile hayakumpa uwezo wa kustahimili upweke, anapotolewa katika kundi lake na kutiwa katika nyumba ya watu, hupoteza kwa mara moja wazazi, ndugu, majirani na mume au mke aliyekuwa naye au ambaye angekuwa naye. Na haja ya kuwa nao haimtoki. Humtafuta wa kuijaza nafasi ile, na katika nyumba hapana wa kuijaza ila binadamu. Huo ndio msingi wa suhuba tuizungumzayo. Mapenzi ya kasuku kwa mtu si shukrani ya mfugwa kwa mfugaji wala si utii wa mtumwa kwa bwana wake. Ni mahaba ya ndege kwa ndege, yaliyomwendea binadamu kwa kukosekana ndege.

Tofauti hii ni kubwa, na wengi hughafilika nayo kwa sababu ya mazoea yetu na wanyama wengine. Mbwa ameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, na katika vizazi visivyohesabika wale wakali na wasiotii waliondolewa wakabaki wapole, hata utii ukawa sehemu ya damu yake. Kuku, ng'ombe na mbuzi kadhalika wamepitia mkondo huo. Kasuku hakuupitia. Yule aliye kwenye kizimba leo, ama alinaswa yeye mwenyewe msituni, ama wazazi au babu zake ndio walionaswa, na katika vizazi vichache hivyo hakuna kilichobadilika katika tabia yake. Hofu zake ni zile zile za ndege anayewindwa na mwewe, hamu zake ni zile zile za ndege wa kundi, na mdomo wake ni ule ule uvunjao kokwa ngumu. Kwa hiyo amuumaye mtu wa nyumba hana ukaidi wala uovu. Ndege wa porini hana amri wala mtumishi, na mwenzake akimkaribia asipotaka, humpa kwanza ishara za mwili, na ishara zisipofuatwa, humdonoa. Binadamu asiyezisoma ishara hufikia kwenye jino, ikiwa yafaa kuuita mdomo wa ndege jino, bila kujua kwamba ameonywa mara tatu au nne kabla.

Namna suhuba inavyoanza hutegemea sana umri ambao ndege alitengwa na wenzake. Konrad Lorenz, yule bingwa wa Austria wa elimu ya tabia za wanyama, alionyesha katika miaka ya 1930 kwamba kinda wa bata bukini, akimwona mtu katika saa za mwanzo za uhai wake kabla ya kumwona mama yake, humfuata mtu yule na kumhesabu kuwa ndiye mzazi. Kwa kasuku mambo hayaendi kwa saa, maana huzaliwa na macho yaliyofumba, bali huenda kwa majuma na miezi. Lakini matokeo hufanana. Kinda aliyetolewa kiotoni angali mchanga akalishwa uji kwa kijiko au bomba hukua akiwa hana hofu na watu, na wafanyabiashara wa ndege wanalijua hilo, ndiyo maana huwatenga makinda mapema. Ila gharama yake hufichika mpaka ndege abaleghe. Hapo, aliyemdhani mtu kuwa mzazi huanza kumtaka mtu kuwa mke au mume, na asiyewahi kujifunza kwa wazazi namna ya kuishi na ndege wenzake huwaogopa au huwapiga anapokutanishwa nao. Wauzaji wa ndege hawa huwasifia wateja wao ule upole wa kinda bila kuwatajia mwisho wake, na kwangu mimi huo ni udanganyifu.

Mfano ulio dhahiri kuliko yote ninaoujua ni wa ndege mmoja wa New Zealand aitwaye Sirocco. Yeye ni kakapo, kasuku mkubwa asiyeruka, wa jamii ambayo imebakiwa na ndege wachache mno duniani. Alianguliwa mwaka 1997, na kwa kuwa aliugua maradhi ya kifua angali kinda, wahifadhi walilazimika kumtenga na wenzake na kumlea kwa mikono. Alipona, akakua, akarudishwa kisiwani kwenye kakapo wenzake. Lakini moyo wake ulikuwa umekwisha kuelekea upande mwingine. Majike hakuwajali. Alifuata watu. Mwaka 2009, mbele ya kamera ya BBC, alimpanda kichwani mtaalamu wa wanyama Mark Carwardine akijaribu kumwingilia kama dume amwingiliavyo jike, na picha ile ilizunguka ulimwengu mzima na kuwachekesha mamilioni. Serikali ya New Zealand ilimfanya mwaka uliofuata kuwa ndege msemaji wa uhifadhi, na kwa kazi hiyo amewafaa kakapo wenzake, maana watu waliompenda walijifunza habari za jamii yake. Lakini tazama jambo lenyewe lilivyo: katika jamii inayohitaji kila kinda, dume mzima mwenye afya amekosa kuwa na uzao wa kawaida kwa sababu katika utoto wake alizungukwa na watu waliotaka kumwokoa, na wala hawakuwa na njia nyingine.

Turudi kwenye kunena. Kwa lugha yetu mtu aliyehifadhi somo bila kulielewa husemwa kuwa anakariri kama kasuku, na dhana hiyo imeenea kiasi kwamba wengi huona sauti ya kasuku kuwa mchezo tu wa koo. Lakini yafaa tujiulize kwa nini ndege apewe na maumbile uwezo wa kuiga sauti asizozaliwa nazo. Jibu limo tena katika kundi. Kasuku hutambuana kwa sauti, na sauti hizo hufundishwa, hazirithiwi. Mwaka 2011 Karl Berg na wenzake walichapisha uchunguzi walioufanya Venezuela juu ya kasuku wadogo wa kijani, wakaonyesha kwamba kila kinda hupata wito wake wa pekee, na kwamba asili ya wito ule ni wazazi: makinda waliohamishiwa viota vya wazazi wa kulea walichukua wito unaofanana na wa walezi wao, wala si wa waliowataga. Maana yake ni kwamba kasuku hupewa kitu kilicho jirani sana na jina, na hupewa na wale wamleao. Ubongo wake nao umejengwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2015 Mukta Chakraborty, Erich Jarvis na wenzao walieleza kwamba zile sehemu za ubongo zinazoongoza ujifunzaji wa sauti, ambazo ndege waimbaji wanazo, kwa kasuku zimezungukwa na tabaka jingine la ziada ambalo ndege wengine hawana.

Basi kasuku wa nyumbani anaposema jina la mwenye nyumba, au anapoiga mlio wa simu, kikohozi cha babu na mlango unavyolia unapofunguliwa, anafanya lile lile ambalo angelifanya msituni: anajifunza sauti za kundi alilomo ili ahesabiwe kuwa mmoja wao. Angalia kwamba aghalabu hupiga ukelele pale mpendwa wake anapotoka chumbani, na hunyamaza anapoitikiwa. Huo ni wito wa kuulizana, uko wapi, na asiyeitikiwa huongeza sauti, kwa sababu msituni ndege asiyeitikiwa amepotea. Wanaokerwa na makelele ya kasuku wao wangepata nafuu kubwa kama wangeitikia kwa mluzi au neno moja kutoka chumba cha pili, badala ya kumfunika kizimba kwa kanga.

Kwamba mapenzi na kujifunza ni kitu kimoja kwa ndege huyu, hakuna aliyelithibitisha kuliko Irene Pepperberg, mwanamke wa Kimarekani aliyekuwa na shahada ya udaktari ya kemia kutoka Harvard, akaiacha kemia kwa ajili ya kasuku. Mwaka 1977 alikwenda katika duka la ndege mjini Chicago, akamwambia muuzaji amchagulie yeyote, ili asije akaambiwa baadaye kwamba alimteua aliye hodari, akatoka na kasuku wa kijivu wa umri wa mwaka mmoja hivi, akampa jina la Alex. Wataalamu wa zama zile walikuwa wakimtia ndege katika kisanduku peke yake, wakimnyima chakula mpaka apungue uzito, kisha wakimpa punje kila afanyapo sawasawa. Na kwa njia hiyo walikuwa wamethibitisha kwamba kasuku hana akili. Pepperberg alichukua njia nyingine, ambayo mwanzilishi wake alikuwa Mjerumani Dietmar Todt. Watu wawili huketi mbele ya ndege. Mmoja huinua kitu, mathalani ufunguo, akamwuliza mwenziwe ni nini. Mwenziwe akijibu sawa, hupewa ufunguo ule aucheze na kusifiwa, akikosea hunyimwa. Kisha hubadilishana zamu. Ndege hutazama, na kwa kuwa ni kiumbe wa jamii asiyependa kuachwa nje ya mazungumzo, huona kwamba neno lile ndilo linalompa mtu nafasi katika duara, naye hulitaka.

Alex aliishi hivyo miaka 30. Alijua majina ya vitu yapatayo 50, rangi saba, maumbo matano, na hesabu mpaka sita; alionyeshwa sinia ya vitu mchanganyiko akaulizwa vitu vya rangi fulani ni vingapi, akajibu; akaonyeshwa vitu viwili akaulizwa tofauti yao ni nini, na pasipokuwa na tofauti alisema kwamba hapana. Tofaa hakulitaka kuliita kama alivyofundishwa. Alilitungia jina lake mwenyewe kwa kuunganisha kipande cha neno la ndizi na kipande cha neno la cheri, naye akang'ang'ania jina hilo. Pepperberg hakusema kamwe kwamba Alex ana lugha kama yetu, na uangalifu wake huo ndio uliompa heshima mbele ya waliokuwa wakimdhihaki. Lakini liko jaribio lake jingine ambalo ndilo ninalolitaka hapa, nalo ni la kasuku vijana aliowawekea masomo yale yale kwa kanda za sauti na kwa picha za video bila ya mtu kuwapo. Hawakujifunza kitu. Maneno yalikuwa yale yale, vitu vile vile, ila uso wa mwenza haukuwapo, na maneno yakapita.

Alex alifariki ghafla usiku mmoja wa Septemba 2007, akiwa na umri wa miaka 31. Jioni yake, Pepperberg alipomrudisha kizimbani, ndege alimwambia maneno ya kuagana aliyomwambia kila usiku, kwamba awe mwema, kwamba anampenda, na kwamba wataonana kesho. Habari hii hutajwa mara nyingi kama ajabu, kana kwamba ndege alijua kuwa anakufa. Hakujua. Thamani ya maneno yale kwangu imo katika kuwa yalikuwa ya kila usiku: ndege aliyezaliwa na haja ya kumwuliza mwenzake uko wapi na utarudi lini alikuwa amepata, kwa lugha isiyo yake, sauti ya kuuliza hivyo, na mtu wa kumwitikia.

Ziko dalili kwamba uhusiano huu si wa kujitafutia faida tu. Mwaka 2020 Désirée Brucks na Auguste von Bayern walitangaza matokeo ya majaribio waliyoyafanya katika kisiwa cha Tenerife. Kasuku wa kijivu walifundishwa kubadilisha vipande vya chuma kwa chakula. Kisha wawili wakawekwa vyumba jirani vyenye tundu baina yao, mmoja akiwa na vipande lakini dirisha lake la kubadilishia limefungwa, wa pili dirisha lake li wazi lakini hana kipande. Wale wa kwanza waliwapitishia wenzao vipande, bighairi ya kupata chochote wao wenyewe, na walitoa zaidi pale mwenzi alipokuwa na haja kuliko pale asipokuwa nayo. Kasuku wengine wa Amerika ya Kusini waliofanyiwa jaribio lile lile hawakusaidiana. Tusiseme basi kwamba kasuku wote wana moyo mmoja. Lakini kuhusu yule wa kijivu wa misitu yetu, ukarimu kwa mwenzake umeonekana kwa macho.

Aliyechaguliwa na ndege wa namna hii yampasa kujua adabu za suhuba yenyewe. Kasuku huweza kuzikaza na kuzilegeza mboni za macho yake kwa hiari, na mboni zinapopanuka na kusinyaa kwa haraka huwa amejawa na msisimko, ambao waweza kuwa wa furaha au wa hasira, kwa hiyo tazama na mkia kama umetandazwa na manyoya ya shingo kama yamesimama, na kama vyote viko hivyo, ondoa mkono. Akikwinamia kichwa, mkune kichwani na shingoni, maana hapo ndipo ndege asipoweza kujifikia kwa mdomo wake, na kukunana hapo ni huduma wanayofanyiana marafiki wote. Lakini kumpapasa mgongo na chini ya mbawa ni lugha ya unyumba, na afanyaye hivyo kila siku bila kujua humwahidi ndege ndoa isiyoweza kutimia. Akianza kukucheulia chakula, au kutafuta pembe zenye giza chini ya kabati akijaribu kutengeneza kiota, au kumrukia mkeo au mumeo kila akikaribia, ujue kwamba ahadi hiyo amekwisha kuipokea. Wivu wake si wa kuchekwa. Jambo hili hutulia sana watu wa nyumba wote wakishiriki kumlisha na kumchezea tangu mwanzo, kila mmoja akiwa na zamu yake na mchezo wake, ili ndege awe na kundi asiwe na mume au mke peke yake.

Na akiachwa mpweke? Hapa sitaki kupunguza uzito wa maneno. Kasuku aliyefungiwa peke yake kutwa, katika nyumba ambayo watu huondoka asubuhi na kurudi usiku, huanza kujinyonyoa manyoya, kwanza ya kifuani, kisha ya miguu na mbawa, mpaka hubaki ngozi tupu isipokuwa kichwa ambacho mdomo haukifikii. Na wengine huendelea hata wakajitia vidonda. Wapo wanaonyonyoka kwa maradhi ya ngozi au kwa lishe duni, na daktari wa mifugo hupaswa kuyatazama hayo kwanza, lakini wasio na ugonjwa wowote wa mwili ni wengi. Mwaka 2014 wachunguzi wa Vienna walipima damu ya kasuku 45 wa kijivu, wakaangalia zile ncha za kromosomu ambazo hupungua kadiri kiumbe anavyozeeka na kadiri anavyopata dhiki. Waliokuwa wakiishi peke yao, wenye umri usiozidi miaka tisa, walikuwa na ncha fupi sawa na za ndege wanaoishi wawili wawili waliowazidi umri kwa miaka 23. Miaka hiyo wameipoteza ndani ya kizimba safi, mbele ya bakuli lililojaa chakula.

Biashara ya kuwatoa kwao imekuwa kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika misitu ya Kongo na kwingineko mnasaji hupaka ulimbo kwenye matawi ya mti ambao kundi hutua, na mara nyingi huweka juu yake kasuku aliyefungwa mguu ili awaite wenzake. Kwa hiyo ule wito wa mapenzi ndio unaowapeleka kwenye mtego. Tangu miaka ya 1970 kasuku wa kijivu zaidi ya 1,000,000 walinaswa na kuuzwa nje ya Afrika, na hao ni wale walioandikwa katika madaftari ya biashara ya mataifa. Waliokufa katika magunia na visanduku kabla ya kufika bandarini au uwanja wa ndege hawamo. Ghana, nchi iliyokuwa na makundi makubwa, imepoteza baina ya asilimia 90 na 99 ya kasuku wake tangu 1992. Marekani ilizuia kuingizwa ndege wa porini mwaka 1992, na Ulaya ikafuata mwaka 2005, na biashara ikageukia zaidi nchi za Ghuba na Asia, mpaka mataifa yalipokutana Johannesburg mwaka 2016 na kukubaliana kuipiga marufuku kabisa biashara ya kimataifa ya kasuku waliotoka porini. Katika nchi zetu za Afrika Mashariki sheria haimruhusu mtu kumfuga pasipo kibali, na bado makinda huvushwa mipakani kwa magendo kwa kuwa wako wanunuzi wanaodhani wananunua kitu cha kupamba baraza.

Ndege hawa huishi miaka 40, 50 na hata zaidi, na kwa hiyo mtu wa makamo anayemchukua kasuku mchanga anamchukua kiumbe ambaye huenda akamzika yeye. Wakati huo ukifika, ndege hatakufa kwa simanzi kama inavyosimuliwa, lakini hupitia majuma au miezi ya kukataa chakula, kunyamaza, kuita jina la asiyekuwapo na kumtisha kila anayemkaribia. Anayempokea afanye kama afanyavyo ndege mgeni anayeingia katika kundi, yaani akae karibu bila kudai kitu, ale chakula chake mbele ya kizimba, aitikie anapoitwa, na angoje. Kasuku huweza kuchagua tena. Vema zaidi ni kumwandalia mambo haya mapema, kwa kuandika katika wasia ni nani atakayemchukua, na kumzoeza ndege kwa mtu huyo tangu mwenyewe angali hai.

Katika vituo vinavyopokea kasuku walionyang'anywa wafanya magendo, kama kile cha Lwiro katika Kivu ya Kusini ambacho kwa asili kiliundwa kwa ajili ya sokwe na nyani, kazi huenda kinyume cha ile ya nyumbani. Manyoya ya mbawa yaliyokatwa au kugandamana kwa ulimbo husubiriwa mpaka yaote upya, ndege huwekwa pamoja katika vizimba vikubwa wajifunze kuruka tena, na wahudumu hujizuia kuzungumza nao. Waliokamatwa wakubwa hugeukiana upesi, na baada ya muda si mrefu huwa hawana haja na watu. Kazi ngumu ni ya wale waliolelewa kwa mikono, ambao hushuka ukutani kila mhudumu anapopita, wakisema maneno ya nyumba walizotoka. Nao huwekewa jirani kasuku mzima mwenye utulivu, na siku zao huhesabiwa tangu pale wanapokubali kwa mara ya kwanza kukunwa shingo na ndege mwenzao.